Neno Alilokuja Nalo Baba

Karakana ya Mjomba ilitengeneza brashi, na kila aliyefanya kazi mle alisema brashi, isipokuwa mtu mmoja, naye alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita. Huyo alisema pinseli. Alisema pinseli kwa wateja, kwa wafanyakazi wenzake, hata kwa shemeji yake mwenye karakana, ambaye alimkaripia mpaka akachoka. Mjomba alidai neno hilo linafukuza wateja, kwamba mtu akisikia pinseli atadhani hapa panauzwa penseli za shule. Basi watu wakamwita hivyo hivyo, Pinseli, naye akaitika bila kinyongo.

Binti yake walimwita Kimya, na jina lilimkaa vizuri kuliko gauni lolote aliloshonewa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake, dada wa Mjomba, alifariki Kimya akiwa hajaanza shule, na baba alipomfuata, Kimya alikuwa darasa la tano. Wiki ya mazishi ilipokwisha, Mjomba alimwambia akae karakanani kwa siku mbili tatu mpaka mambo yatulie. Mambo hayajatulia mpaka leo.

Kazi yake ilikuwa singa, yaani zile nywele ndefu za mkia wa ng'ombe. Zilikuja zimefungwa kwa kamba, zinanuka, na yeye ndiye aliyezichemsha, akazikausha, akazichana kwa chanuo cha chuma. Kisha alizitia fungu dogo dogo ndani ya kikombe cha shaba, akakigongesha mezani taratibu mpaka ncha zote zikawa sawa, akalifunga uzi na kulisukuma ndani ya pete ya bati. Gundi na mpini vilikuwa kazi ya wengine. Haya yote alifundishwa na baba yake, akiwa amekalishwa juu ya debe lililogeuzwa, kabla hajajua kuandika jina lake.

Na jioni, ikifika saa kumi na moja, kila mfanyakazi aliweka mkasi na kisu chake mezani, makali yakielekea ukutani, akatoka mlangoni ameinua viganja vyote viwili mbele ya kifua. Mjomba alisimama pale akiviangalia. Mgeni wa kazi akiuliza sababu, aliambiwa ndiyo desturi ya watengeneza brashi dunia nzima: unywele ukikuganda mkononi utaenda kuuokota kwenye mboga. Walikuwa watu sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufanya kazi katika karakana nyingine ya brashi. Nani angebisha?

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kijana fundi wa fremu za picha. Alikuwa akija kununua brashi za vanishi, mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa wiki, kisha kila baada ya siku mbili. Mama Chanuo, mwanamke mnene aliyekaa meza ya pili na ambaye mdomo wake haukujua likizo, alimuuliza siku moja mbele ya watu wote, "Mwanangu, unapaka fremu au unapaka mji mzima?" Kijana alicheka, akamtazama Kimya, na Kimya akaona ghafla kwamba kikombe chake cha shaba kinahitaji kufutwa.

Ndivyo mambo yalivyoanza, na yalikwenda vizuri mpaka mama wa kijana alipokuja. Alikuwa mama mpole, amevaa viatu vilivyofutwa vizuri. Alikaa, akapewa maji, akayanywa yote, akasema binti amempenda, mikono yake ameiona, adabu yake ameiona. Lakini yeye hawezi kupeleka posa upande mmoja. Upande wa mama ameuona, huyu hapa Mjomba. Upande wa baba uko wapi? Hataki watu kumi, alisema. Anataka hata shangazi mmoja, hata baba mdogo mmoja, mtu wa kusema huyu ni damu yetu na sisi tunajulikana. Atarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kama patakuwa na mtu, vizuri. Kama hapana, watasameheana.

Alipoondoka, Mjomba alisema yeye atamwambia yule mama kwamba Pinseli alishuka na mvua. Watu walicheka. Kimya naye alitabasamu kidogo, maana ndivyo alivyozoea kufanya watu wanapocheka.

Lakini usingizi ulimpaa. Baba hakuacha picha, hakuacha barua, hakuacha hata jina la mtaa. Alipokuwa akiulizwa kwao ni wapi, alijibu, "Mbali, mwanangu. Ukikua nitakupeleka." Kitu pekee alichokuja nacho na kukiacha kilikuwa lile neno. Kimya akajiambia: lazima kuna mahali ambapo kila mtu husema pinseli, mtoto na mkubwa, sokoni na nyumbani, na hapo ndipo alipo shangazi yangu.

Basi yeye, ambaye akinunua chumvi alinyoosha kidole badala ya kusema, akaanza kuuliza watu. Alimuuliza mpaka-rangi mmoja mgeni aliyekuja kukaziwa pete zilizolegea za brashi zake, akamjibu kwao husema pincel, na Kimya akaamini amefika. Kesho yake dereva wa lori la mbali akamwambia wao husema penseel. Mwuza vioo alisema kwa babu yake ni fursha. Seremala mmoja mzee, aliyewahi kufanya kazi melini, alitaja pinceau kisha fircha, akayataja kwa majivuno, kila moja akilisindikiza kwa jina la bandari. Kufikia wiki ya pili Kimya alikuwa na ndugu katika kila pembe ya dunia, na bado hakuwa na hata mmoja.

Ndipo alipofika mwanamke ambaye karakana nzima ilimbatiza Mama Kamusi kabla hajamaliza kukaa. Alikuwa mtafiti, anakusanya maneno ya mafundi kwa ajili ya kamusi kubwa. Alibeba kinasa sauti na kisanduku kilichojaa kadi. Aliuliza jina la kila kitu: chanuo, kikombe, pete, fundo la uzi, hata vumbi la singa lililo sakafuni. Mama Chanuo alinong'ona kwamba akimaliza vyombo atahamia kwenye pua zao. Mjomba alivuta kiti karibu na kinasa sauti, akabadilisha sauti kama mtangazaji, akaeleza kwamba hapa chombo huitwa brashi, kimeitwa brashi tangu mwanzo, na jina jingine hawalijui.

Kimya alisikia, akainamia singa zake. Lakini Mama Kamusi alipofunga kisanduku na kuondoka, Kimya aliinuka akamfuata mpaka getini. Zilikuwa hatua kama thelathini, na kila moja ilimwambia arudi.

"Mama," alisema, "jina jingine lipo."

Akalitaja. Mama Kamusi aliweka kisanduku chini. Aliuliza nani aliyelisema, na alilisema vipi, na kama yule mtu alikuwa na maneno mengine ya kwake. Kimya akayakumbuka kadiri alivyoweza. Gundi, baba aliita uji. Unywele uliogeuka kichwa chini katikati ya wenzake, aliuita mgeni. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha fungua mdomo na hakujua ungefunguka tena lini, akaeleza habari ya posa, ya mama mwenye viatu safi, na ya Jumamosi. Mama Kamusi hakucheka. Alimwambia atazitazama kadi zake zote na atarudi kabla ya siku hiyo.

Alirudi Alhamisi, zimebaki siku mbili, jua likianza kuegemea. Mjomba alikuwa ndani anapokea mipini. Wao wawili wakakaa uani, kwenye benchi lililo mkabala na mlango, na Mama Kamusi akazipanga kadi mapajani kama mtu anayetaka kucheza karata.

Alianza kwa furaha, maana ilikuwa kazi anayoipenda. Brashi, alisema, tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, na zamani lilikaribiana na neno la vijiti vya kichakani, vile vya kufagilia. Fursha ni ya Waarabu na fircha ni ya Waturuki. Lakini lile kundi jingine ni la ukoo mmoja: Wareno na pincel yao, Waholanzi na penseel, Wajerumani na Pinsel, Wafaransa na pinceau. Wote hao walirithi kwa Kilatini cha kale, na maana yake kule ni mkia mdogo. Alicheka, akaonyesha singa za ng'ombe zilizoanikwa kwenye kamba. Hata penseli ya shule, alisema, ni mtoto wa neno hilo hilo, maana zamani Waingereza walipotaja penseli walikuwa na maana ya brashi nyembamba ya mchoraji.

Kimya alimsubiri amalize. "Sasa kwa baba ni wapi?"

Mama Kamusi akazikusanya kadi zote, akabakiza moja. Aliishika muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma kadi.

"Neno halisemi mtu alizaliwa wapi, mwanangu. Linasema nani alimfundisha kazi. Hili la baba yako, pamoja na ule uji na yule mgeni, ninalo kutoka mahali pamoja tu. Nilipewa na mzee mmoja miaka saba iliyopita. Nikuambie?"

"Niambie."

"Ni gerezani."

Akaeleza kwa sauti ya chini, bila kuremba. Lilikuwa gereza kubwa, mbali, ng'ambo ya mpaka. Paliwahi kuletwa mwalimu wa ufundi, Mjerumani, awafundishe wafungwa kutengeneza brashi. Yeye alisema Pinsel kama wanavyosema kwao, nao wakaongeza irabu mwishoni ili ndimi zao zipate pa kutua. Gundi waliita uji kwa sababu ilifanana na uji waliopewa. Mgeni alikuwa mfungwa mpya. Waliotoka walitoka na ufundi, lakini neno lenyewe waliliacha langoni, maana aliyekuwa mle akilisikia angekutambua hata sokoni. Yule mzee alimwambia Mama Kamusi kwamba hajui mtu yeyote aliyetoka nalo.

Kimya alitazama mikono yake. Alikuwa na vumbi la singa chini ya kucha.

Ndani, saa ikagonga kumi na moja. Mama Chanuo alitokea wa kwanza mlangoni, viganja juu, akiendelea kusimulia habari aliyoianzia ndani. Wa pili akamfuata, viganja juu. Wa tatu. Mama Kamusi, aliyekuwa akifungua begi, aliacha mkono wake humo humo.

"Nani aliwafundisha hivyo?"

"Ndiyo desturi ya kazi," Kimya alisema. "Ya watengeneza brashi."

"Hapana, mwanangu." Alisema polepole, macho yakiwa mlangoni. "Nimekwenda karakana kumi na nne za brashi. Yule mzee ndiye aliyenionyesha hivyo, kwa mikono yake. Visu mezani, makali ukutani, viganja mbele ya askari. Mtu alikuwa hatoki bila kuonyesha."

Wafanyakazi wote walikwisha kutoka. Mjomba alibaki peke yake mle ndani. Waliona anaweka kisu chake mezani, anakigeuza. Akaja mpaka kizingitini, akageukia ile karakana tupu, akainua viganja vyake, akaviweka juu kwa muda mfupi kama mtu anayesubiri kuruhusiwa. Kisha akafunga kufuli.

Kimya alikuwa ameona jambo hilo kila siku ya kazi kwa miaka tisa.

Mama Kamusi aliaga, akamshika bega, akaondoka bila kuongeza neno. Kimya alibaki kwenye benchi. Mjomba alipompita, akimuuliza kama hana kwao mbona bado amekaa, Kimya akamwambia hilo ndilo analotaka kuuliza.

Mwanzoni Mjomba alikasirika. Aliuliza ni nani kamjaza upuuzi, akasema yule mwanamke na kisanduku chake asikanyage tena pale. Kimya hakubishana. Alimwambia tu aitazame mikono yake. Mjomba akaitazama, na ikaonekana wazi kwamba hajawahi kufikiri juu yake hata siku moja. Neno alilikwepa miaka yote, mikono aliisahau. Akakaa chini kwenye debe, ghafla mzee.

Akasema. Walikuwa vijana, wote wawili makuli wa ghala moja ng'ambo ya mpaka, waliiba saruji ya tajiri na wakakamatwa pamoja. Miaka minne. Walipotoka, yeye alimleta mwenzake hapa, akampa dada yake amwoe, wakafungua karakana. Sharti lilikuwa moja tu, wasitaje kule. Na mwenzake akalikubali sharti, ila alikataa kata kata kusema brashi. Alisema jina la kazi ni lile alilofundishiwa, na yeye haoni haya ya kazi, anaona haya ya saruji.

"Na kwao?" Kimya aliuliza. "Kwao ni wapi?"

Mjomba alisugua magoti. Kwao alikujua. Bibi yako yupo, alisema, au alikuwepo. Shangazi zako wawili. Baba yako alikuwa akiwaandikia. Alipokufa, barua zao ziliendelea kuja.

"Ukawajibu?"

"Mara moja."

"Ukawaambia nini?"

Alijibu akitazama sakafu ya uani. "Kwamba mmekufa wote wawili. Homa."

Mjomba akaanza kujieleza bila kuulizwa. Wangekuja, alisema. Wangekuja na habari zote mdomoni, na nani angenunua brashi kwa mfungwa? Na wangekuchukua. Na mikono kama yako ningeipata wapi? Hilo la mwisho lilimtoka kabla hajalipima, akafunga mdomo.

Jumamosi mama wa fundi fremu alifika na mwanawe. Mjomba alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na asubuhi ile alimnong'oneza Kimya kwamba ametafuta bwana mmoja wa mtaa wa pili, mtu mwenye heshima, atajifanya baba mdogo, yuko njiani. Yote yatakwisha vizuri. Kimya aliwamiminia wageni maji kwenye glasi, akaweka jagi, akabaki amesimama.

"Mama, shikamoo," alisema. "Kuna mtu anakuja kusema yeye ni baba yangu mdogo. Si kweli."

Mjomba aliita jina lake. Kimya aliendelea, kwa sauti ile ile ndogo, kwa kuwa nyingine hakuwa nayo. Alisema baba yake alijifunza kazi hii gerezani, kwa kosa la wizi. Alisema shangazi anao, wawili, na bibi pengine, lakini huko kwao yeye ni marehemu tangu miaka tisa iliyopita, na hawezi kuwaita kabla hawajaambiwa kwamba yu hai. Aliomba apewe muda zaidi. Hakumtaja Mjomba, hakukuwa na haja, Mjomba alikuwa amejiinamia kwa namna ambayo ilisema yote.

Mama yule aliweka glasi chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma. Alimshukuru binti kwa kusema kweli. Alisema wengi wangemdanganya. Kisha akasema wao ni watu wa kawaida, wana majirani, wana wajukuu watakaokuja, na muda mwingine hautabadilisha mahali baba alipojifunzia kazi. Akainuka.

Fundi fremu aliinuka pia. Kimya alimtazama usoni waziwazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akimngoja aseme hata neno moja, hata la kijinga. Kijana alichukua mkoba wa mama yake, akamsaidia kushuka ngazi, na wakavuka barabara wakiangalia magari kushoto na kulia. Brashi zake za vanishi zilikuwa nyingi. Asingehitaji kurudi mwaka mzima.

Bwana wa mtaa wa pili alifika nusu saa baadaye akiwa na kofia mpya. Mjomba alimrudisha mlangoni.

Aliporudi ndani alimkuta Kimya amefuta meza ya singa, ameweka juu yake karatasi na kalamu, na amevuta kiti. Alimwambia akae.

"Waandikie."

"Wewe unajua kuandika," Mjomba alisema.

"Sijui wanakoishi. Na mwandiko wangu hawaujui. Wa kwako wanaujua."

Mjomba alikaa. Aliandika anuani, taratibu, na Kimya, aliyesimama nyuma ya bega lake, aliisoma herufi kwa herufi. Hapakuwa mbali kama baba alivyosema. Ni mji ambako malori ya mipini hutoka kila wiki. Dereva wao huja kunywa maji hapo hapo uani.

Kalamu ikasimama chini ya anuani. Mjomba aliuliza aanze vipi. Haiwezekani kuanza na salamu, alisema, kwa mama mzee ambaye pengine alikaa matanga kwa ajili yako.

Kimya hakumsaidia. Nje, Mama Chanuo alikuwa akimuuliza mtu mbona leo karakana imefungwa madirisha. Mjomba aliipangusa karatasi ambayo haikuwa na vumbi, akasafisha koo, akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayeomba apunguziwe, kama aandike kwamba alikosea.

"Hapana," Kimya alisema. "Andika ulichofanya."

Akasubiri pale nyuma ya bega mpaka kalamu ilipogusa karatasi.